Saa Yenye Pembe Hununuliwa Bodi

Anayenunua saa kongwe ya mkono, ile ya duara, ananunua mashine. Bodi, yaani ganda la nje, ikichakaa itapatikana nyengine. Kioo kikipasuka, fundi wa Darajani atapekua kopo lake la vioo mpaka apate kinachokaa. Saa ya mstatili, ya pipa, ya mto au ya yai ina hesabu nyengine kabisa. Mashine yake mara nyingi ni ya kawaida, ilitengenezwa kwa maelfu na vipuri vyake bado vinatafutika. Kisichotafutika ni bodi: pembe zilizochongoka, mgongo uliopinda kufuata mkono, mstari mmoja mkali unaoteremka ubavuni. Vikishalika hivyo, hakuna duka linalouza pembe.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Hewa ya Unguja na Pemba ina chumvi, mkono haukauki jasho, na maji tunayashika mara tano kwa siku. Saa iliyotulia miaka hamsini kwenye droo ya Geneva inaweza kuoza hapa kwa masika mawili. Ndiyo sababu bodi itachukua sehemu kubwa ya makala hii.

Maumbo haya si ya juzi. Cartier walitoa Tonneau, saa ya pipa, mwaka 1906, wakati wanaume wengi bado wanaweka saa mfukoni. Tank ilichorwa 1917 kwa mfano wa kifaru cha Renault kinavyoonekana kutoka juu. Zile mbavu mbili ndefu ndiyo minyororo ya kifaru. Ilianza kuuzwa 1919. Reverso ya Jaeger-LeCoultre ikaja 1931 kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliokuwa wakicheza polo India na kurudi na vioo vimevunjika: bodi inateleza kwenye kitako chake, inageuka, na kioo kinalala upande wa mkono. Mwaka 1935 Gruen wa Marekani wakaleta Curvex, ambayo hata mashine yenyewe imepinda. Hamilton Ventura ya 1957, ile ya pembe tatu, ilitembea kwa betri. Na kuhusu Cartier Crash ya 1967, wauzaji wanapenda kusimulia kwamba umbo lake lilitokana na saa iliyoyeyuka kwenye ajali ya gari. Ni hadithi tamu ya kuuzia. Umbo lile lilichorwa mezani London.

Zinazopita mikononi mwetu ni za chini ya hapo: Hamilton na Bulova za mstatili za miaka ya 1930 na 1940, Omega De Ville na Longines za miaka ya 1960 na 1970, Favre-Leuba zilizokuja kwa njia ya Bombay, Seiko na Citizen zenye umbo la televisheni, na Must de Cartier, iliyoanza 1977. Nyengine zimo kwenye masanduku ya familia Mji Mkongwe, Wete na Chake Chake, zimefungwa kwenye leso. Hizo za leso ndizo bora, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuzing'arisha.

Kung'arisha ndiyo adui wa kwanza. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na taa moja ya pembeni. Taa ya juu inaficha. Igeuze saa polepole mpaka mwanga uteleze kwenye ukingo. Bodi ambayo haijaguswa hukupa mstari mwembamba wa mwanga, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, kisha unakatika ghafla pale bapa moja linapokutana na jengine. Iliyopitishwa kwenye mota ya kung'arishia hukupa mwanga mpana unaozunguka kona bila kukatika, kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki. Angalia sehemu tatu: juu ya pembe zinazoshika mkanda, kingo za mgongo, na ubavu wa upande wa kichwa cha kutilia ufunguo, ambako kidole gumba kimepita kila siku. Kisha chukua vernia, kile kipimo chenye taya mbili, upime unene wa pembe zote nne. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.2, mtu amezipiga tupa. Tazama pia mihuri ya mgongoni. Herufi zilizozama sawasawa ni dalili njema. Zilizofifia upande mmoja zinakuonyesha gurudumu lilipokaa muda mrefu.

Usiipeleke saa ya namna hii ikang'arishwe, hata fundi akuhakikishie vipi. Mikwaruzo iache. Kitambaa cha pamba na maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni vinatosha, mashine ikiwa imetolewa. Braso usiisogeze karibu. Dhahabu ya kuchovya ya mikroni 20 ina unene wa sehemu ya hamsini ya milimita moja; Ijumaa kadhaa za braso zinaimaliza.

Hapo ndipo inakuja habari ya madini, na wengi huibiwa hapa. Muhuri wa «Stainless Steel Back» au «Fond acier inoxydable» unaapa kwa mfuniko wa nyuma tu. Kilichobaki mara nyingi ni shaba iliyopakwa kromu, na kromu hiyo jasho la Zanzibar halina huruma nayo: inaanza kwa vitundu kama vya sindano chini ya pembe za mkanda, inavimba, kisha inatoka magamba na kuacha kutu ya kijani. Haitengenezeki kwa maana ya kurudi ilivyokuwa. Ukiona neno «back» au «fond», teremsha bei yako. Ukiona «Acier inoxydable» peke yake, na ubavu wenyewe hauna vitundu, una chuma cha pua kitupu, na kwa hapa hicho ni bora kuliko dhahabu.

Nasema bora kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chumvi. Ya pili ni kwamba wanaume wengi wa hapa hawavai dhahabu kwa sababu ya dini, na saa haikutolewa kwenye hukumu hiyo. Matokeo yake saa nyingi za kiume za dhahabu zilizobaki visiwani ziliishia sandukuni au mkononi mwa mama wa nyumba, na nyingi zimehifadhika vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Kama dhahabu ya kuchovya nayo imo kwenye hukumu au haimo, hilo muulize sheikh wako, usimuulize muuza saa.

Dhahabu ya Uswisi ya karati 18 ina kichwa cha mwanamke, Helvetia, kilichotumika mpaka 1995. Ya karati 14 ina kindi. Zilizopitia Uingereza mara nyingi ni karati 9, na utaona .375. Za Marekani zilizoandikwa «14K Gold Filled» zina gamba la dhahabu lililogandamizwa juu ya shaba, nene kuliko la kuchovya lakini lenye mwisho. Hulika kwanza kwenye ncha za pembe, na shaba inachungulia. Must de Cartier ni fedha 925 iliyofunikwa dhahabu ya mikroni 20, na muhuri wake unasema «Argent» na «Plaqué or G 20M». Hii ina kipimo chake cha bure: pale dhahabu ilipolika panapaswa kuonekana weupe au weusi wa fedha. Pakionekana manjano ya shaba na ukijani, iliyo mkononi mwako si Must.

Mihuri inaghushiwa. Uzito ni mgumu kughushi. Mwombe sonara wa Mchangani mizani yake inayosoma mpaka gramu 0.01, na umwambie mapema, «Bwana, nataka kupima tu, usiikwaruze kwenye jiwe.» Bodi iwe tupu: bila mashine, bila kioo, bila vijiti vya springi vinavyoshika mkanda. Ipime kavu, tuseme imekuja gramu 12.40. Sasa weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, uininginize bodi kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Piga uzi kidogo mapovu yatoke. Mizani ikisoma 0.80, gawa 12.40 kwa 0.80 upate 15.5. Karati 18 ya manjano huangukia kati ya 15 na 16, karati 14 karibu na 13, karati 9 kwenye 11 na kidogo, fedha 925 kwenye 10.3, shaba 8.5 hivi. Mfuniko wa chuma ukiuacha umo, hesabu yote itakudanganya.

Baada ya bodi, uso, yaani bamba lenye namba chini ya kioo. Uso uliopakwa rangi upya ni ugonjwa wa soko zima la Bahari ya Hindi. Bombay kuna ufundi wa miaka mingi wa kupaka nyuso upya, na saa nyingi zinazopitia huko kuja kwetu zina rangi ya chungwa, buluu au kijani ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa. Kwenye saa ya duara makosa hujificha. Kwenye mstatili hayana pa kwenda. Ule mstari wa dakika unaozunguka ukingo, fundi wa kupaka hushindwa kwenye kona: mistari miwili hupishana, au nafasi kati ya dakika ya 7 na ya 8 inakuwa pana kuliko ya jirani yake bila mpango. Angalia neno «Swiss» chini kabisa ya namba 6. Likiwa limekatwa nusu na ukingo wa bodi, uso ulitoka saa nyengine au ulipakwa kwa kipimo cha kukisia. Kwenye Cartier nyingi kuna jina lenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo mno ndani ya mguu wa VII au wa X. Kwa lenzi linasomeka wazi, na kwenye bandia huwa madoa au halimo kabisa. Uso wenye mabaka ya ukongwe lakini wa asili una thamani kuliko uliopakwa ukang'ara. Wanunuzi wa hapa mara nyingi hupenda kinyume chake, na anayejua hufaidika.

Mashine haitakuchukua muda. Fungua uone kama imejaza bodi. Saa nzuri za mstatili za miaka ya 1930 na 1940 zilikuwa na mashine zenye umbo la bodi yenyewe, kama Omega T17 au Hamilton 982 ya vito 19, yale mawe madogo yanayoshika ncha za magurudumu. Baadaye viwanda vikatia mashine ndogo za duara ndani ya bodi za pembe, na hilo si dosari. Peseux 7001 ya vito 17, yenye unene wa milimita 2.5, imo ndani ya saa nyingi za heshima. Dosari ni mashine ya duara iliyozungushiwa plastiki iliyokatwa kwa kisu, au kijiti cha kichwa kinachoingia kwa kupinda. Kijiti kilichopinda hula tundu la bodi likawa yai, na tundu la yai ni mlango wa jasho.

Tia ufunguo mpaka ikaze, iweke dakika kumi, halafu iache isikilizwe na programu ya simu ya kupimia saa. Sekunde 30 kwa siku, mbele au nyuma, kwa saa ya umri huu ni nzuri. Dakika mbili mbele ghafla mara nyingi ni sumaku: spika ya simu imezishikanisha pete za springi ya gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi, na kifaa kidogo cha kuondoa sumaku kinaitibu kwa sekunde tano. Ikilegalega na mzunguko wa gurudumu uko chini ya nyuzi 200, inataka kufunguliwa yote, kuoshwa na kutiwa mafuta. Kufunguliwa yote. Kuna mazoea ya kuitumbukiza mashine nzima kwenye petroli na kuitia mafuta ya cherehani. Itatembea wiki mbili, kwa sababu petroli imeyeyusha mafuta ya zamani na kuyasukuma ndani ya vito pamoja na uchafu. Mwulize fundi kabla hujamwachia: atatoa vipande vyote au hatatoa? Anayeudhika na swali hilo ameshajibu.

Kioo kina utaratibu wake. Kikiwa cha plastiki na kimekwaruzika tu, funika ukingo wa bodi kwa selotepu, sugua kwa msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, kwa kufuata urefu wa kioo na si kwa kuzungusha, halafu malizia na dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa cha pamba. Kikiwa na ufa kwenye kona, hakisuguliki. Pima urefu na upana kwa vernia, kila upande mara tatu kwa sababu bodi kongwe hazina unyoofu wa kuaminika, kisha agiza kikubwa zaidi kwa milimita 0.1 au 0.2 na ukipunguze kwa tupa laini. Na upime pia mpindo: kioo bapa kilicholazimishwa kwenye bodi iliyopinda kitakaa siku moja, na usiku wa baridi kitaruka. Tumia gundi ya vioo vya saa, au ile inayokauka kwa mwanga, ambayo jua la saa sita la Zanzibar huimaliza kwa dakika chache. Gundi ya kubana haraka inayouzwa kila duka usiitumie. Mvuke wake hutanda ukungu mweupe chini ya kioo na juu ya uso, na wa usoni hautoki.

Sasa maji. Saa ya pembe haizuii maji, hata iandikwe nini. Mfuniko wa duara huzungushwa kama skrubu na kuubana mpira wa kuzibia sawasawa pande zote. Mfuniko wa mstatili hauzunguki. Unasukumwa tu ukaingia au unashikwa kwa skrubu ndogo, na mpira wake hubanwa sana penye kona na kulegea katikati ya ubavu mrefu. Maji hupita hapo hapo katikati. Kwa hiyo saa hii haiingii udhu. Ivue kabla hujafungua bomba, na usiiweke kwenye ukingo wa birika. Mashine nyingi za kabla ya miaka ya 1950 hazina kinga ya mshtuko. Ukitaka kujua, tazama juu ya gurudumu la mizani kama kuna springi ndogo, mara nyingi yenye umbo la kinubi. Kama haipo, ncha za mhimili wa gurudumu, nyembamba kuliko unywele, zitakatika kwa kuanguka mara moja kwenye marumaru. Iweke mfuko wa ubavuni wa kanzu. Mfuko wa kifuani ni mtego: kwenye sijda saa itatoka yenyewe. Na usiivae tena mpaka mkono ukauke, kwa sababu tone linalobaki chini ya mfuniko lina siku nzima ya kutafuta njia.

Ukiona ukungu chini ya kioo, usiianike juani. Joto hugeuza maji mvuke na kuyapeleka kwenye springi. Fungua mfuniko, iweke kwenye kopo la kufunga pamoja na chembe za silika zinazonyonya unyevu usiku kucha, asubuhi iwe kwa fundi. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi tu. Ikiingia maji ya bahari, usingoje asubuhi. Mashine ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Chembe hizo za silika ziwe nazo daima. Kopo la bati au plastiki lenye mfuniko wa kubana, gramu 50 za zile zinazobadilika rangi, na saa kila moja kwenye kitambaa chake. Wakati wa masika angalia rangi kila wiki. Zikishalowa, zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili na zitakuwa kama mpya. Usiweke saa kwenye chumba cha kiyoyozi kisha ukatoka nayo moja kwa moja barabarani: hewa yetu ya nje itageuka umande juu ya chuma baridi, ndani na nje.

Mikanda ni kero ndogo isiyokwisha. Saa nyingi za mstatili zinataka milimita 16 au 17, na madukani utakuta 18, 20 na 22. Usiibane 18 ndani ya 17. Itazifungua pembe kidogo kidogo mpaka vijiti vikose pa kushika. Nunua ya 18, utie alama kwa rula, na ukate nusu milimita kila upande kwa wembe mpya, kwenye kichwa cha mkanda tu, kisha upake ukingo nta. Ngozi isiyo na bitana ya ndani hukauka upesi, na kwa joto letu hiyo ndiyo inayofaa. Ivae ikiwa imelegea kiasi cha kupitisha kidole kidogo, chini ya mkono wa kanzu.

Na zile Seiko na Citizen za betri, usizidharau. Bodi zao za chuma cha pua ni miongoni mwa zilizochongwa vizuri kuliko zote za miaka ya 1970 na 1980, na hapa visiwani zipo nyingi. Kinachoziua ni betri iliyokufa ikaachwa ndani. Betri ikiisha itoe siku hiyo hiyo, hata kama huna ya kubadilisha. Ikiwa imeshavuja, chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe, ukikamue mpaka kibaki na unyevu tu, uguse ule unga kwenye vishikio vya betri mpaka uache kutoa mapovu, kisha ufute kwa spiriti mara mbili. Tia betri mpya ya silva oksaidi yenye namba ile ile, na unene ule ule: iliyo nene zaidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita itausukuma mfuniko, na mfuniko wa mstatili ukishainuka upande mmoja haukai tena.